Bwana, Bibi na Mkate

SWALI: Ndugu mhariri, neno la Kiingereza "lord" lilitoka wapi? Lina undugu na "lady"?

JIBU: Ndugu msomaji, neno hili nalipenda tangu nianze kupekua kamusi. Asili yake katika Kiingereza cha kale ni hlafweard: hlaf ni mkate, weard ni mlinzi. Bwana alikuwa mlinzi wa mkate, na mtumishi wake aliitwa hlafæta, mla mkate. Likafupishwa hlaford, kisha sauti za katikati zikamezwa, ikabaki "lord".

"Lady" ndilo linalonigusa zaidi. Ni hlæfdige, mkandaji wa mkate; jina lile la heshima lilianza kwa mwanamke mwenye unga viganjani! Hlaf yenyewe ingali hai: ndiyo "loaf" ya leo.