Kutoa changarawe na kuweka mchanga kwenye tangi la samaki: kazi huanza kabla ya kununua mchanga

Wafugaji wa samaki wa maji baridi wakinijia na habari za mchanga, swali lao la kwanza huwa ni mchanga gani wanunue. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Changarawe zako zina muda gani humo ndani, na mara ya mwisho ulizisafisha mpaka kwenye kioo lini? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama samaki watavuka salama. Mchanga safi hauna neno. Kinachoua ni kile kilicholala chini ya changarawe, siku unapokitimua chote kwa mpigo.

Mabaki ya chakula, kinyesi na majani yaliyokufa hupenya katikati ya mawe na kutulia chini, mahali ambapo samaki hawafiki wala mkondo wa maji haufiki. Huko huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Pale hewa ya oksijeni inapokosekana kabisa, hutoka pia hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Halafu kuna upande wa pili. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huishi wakiwa wamejishika kwenye vitu: sponji ya filta, magogo, vioo, na changarawe zenyewe. Kwa hiyo unapochota changarawe unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: unafumua uchafu wa muda mrefu, na unatoa nje sehemu ya wale wanaousafisha.

Ndiyo maana mimi huanza wiki nne kabla. Gawa sakafu ya tangi mafungu manne kwa macho tu. Kila wiki unapobadilisha maji, chomeka mpira wa kunyonyea kwenye fungu moja mpaka uguse kioo, nyonya uchafu hadi maji yanayotoka yawe meupe, kisha acha mafungu mengine mpaka zamu yao. Uchafu wa chini ukipungua kidogo kidogo, kazi inahamia kwenye filta na bakteria wa kwenye filta wanaongezeka kuifuata. Katika wiki hizo filta isisumbuliwe. Ikiziba, ikamue sponji ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria wale wale unaowategemea.

Kama filta yako ni ile ya sahani inayokaa chini ya changarawe, simama kwanza. Mchanga utaiziba. Tafuta filta ya sponji au ya kuning'inia, iendeshe pamoja na ile ya zamani kwa wiki nne hadi sita, ndipo ufikirie mchanga.

Sasa mchanga wenyewe. Ninaoupenda ni ule unaotumika kuchuja maji ya mabwawa ya kuogelea. Chembe zake zinalingana, nyingi zikiwa karibu nusu milimita au zaidi kidogo, na zinazama upesi bila kuchafua maji kwa siku nyingi. Mchanga laini wa watoto kuchezea unafaa pia, ila utauosha mpaka mikono ichoke. Wa ujenzi una vumbi na mara nyingine chembe zenye ncha. Wa baharini una chumvi na vipande vya kombe, na kombe ni chokaa. Ukiwa na shaka, chukua kijiko cha mchanga mkavu, dondoshea siki, utazame. Ukitoa mapovu, una chokaa, na utapandisha ugumu wa maji (wingi wa madini yake) na pH (kipimo cha asidi na alkali). Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika hilo si tatizo, kwa kuwa maji ya kwao ni magumu na ya alkali. Kwa neon tetra, wanaotoka kwenye maji laini, usiutumie.

Rangi nayo iangaliwe. Mchanga mweupe unavutia dukani, lakini samaki wengi hupauka wakikaa juu yake, na kila kinyesi kinaonekana. Wa kahawia au wa kijivu hufanya rangi za samaki zikolee. Mimi sinunui mweupe.

Kupata kiasi, zidisha urefu kwa upana kwa kina unachotaka, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la sentimita 80 kwa 35 lenye mchanga wa kina cha sentimita 4 linataka lita 11 na ushee. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6, kwa hiyo nunua kilo 18. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Kina kirefu zaidi ya hapo hutengeneza sehemu zisizo na hewa bila faida yoyote kwa tangi la kawaida.

Osha kidogo kidogo, robo ndoo kwa mara moja. Ingiza mpira wa maji mpaka chini, koroga kwa mkono, mwaga maji ya juu, rudia. Acha maji yanapobaki wazi kiasi cha kuona chembe zikitua chini. Ukiivumilia hatua hii, maji ya tangi yatatakata kesho yake.

Siku ya kazi, samaki wawe hawajala tangu jana. Zima hita na uisubiri ipoe nusu saa kabla ya kushusha maji, kwani hita ya moto ikikutana na hewa hupasuka kioo chake. Chota nusu ya maji ya juu, yaliyo safi, uyaweke kwenye ndoo au beseni kubwa. Hamishia samaki humo, na filta iwekwe humo humo ikiwa inazunguka. Bakteria wanahitaji maji yenye oksijeni kama samaki, na filta iliyozimwa kwa saa nyingi huanza kuwapoteza. Funika ndoo, kwa sababu samaki wenye hofu huruka.

Changarawe hutoka upesi kwa kizoleo kipya cha plastiki ambacho hakijawahi kugusa sabuni. Usikwaruze kioo. Maji yaliyobaki chini, yale meusi, yamwage yote, usiyahurumie. Mawe makubwa yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla mchanga haujaingia. Samaki wanaochimba huondoa mchanga chini ya jiwe, nalo likianguka linaweza kupasua tangi au kumponda mmoja wao. Mimina mchanga ukiwa umelowa, weka sahani juu yake, na rudisha maji kwa kuyamwagia kwenye sahani. Maji mapya yawe yameondolewa klorini na joto lake lilingane na la ndoo. Filta irudi wakati vumbi limetua, mdomo wa kunyonyea ukiwa umeinuliwa sentimita chache juu ya mchanga na kuvishwa sponji. Chembe zikiingia kwenye mota husaga propela yake.

Wapo wanaoshauri kumwaga mchanga juu ya changarawe ili kuokoa kazi. Sikubaliani nao. Mchanga hupita katikati ya mawe ukashuka, mawe hupanda juu kila yanapotikiswa, na baada ya muda una mchanganyiko usiosafishika kwa namna yoyote. Kwa tangi kubwa mno ambalo samaki wake hawakamatiki, kutoa robo moja kila wiki wakiwa ndani kunakubalika, ikiwa kila fungu ulilinyonya vizuri kabla.

Chukua konzi mbili tatu za changarawe za zamani, zisuuze kwa maji ya tangi, zifunge ndani ya soksi nyembamba ya nailoni, uzining'inize karibu na filta kwa wiki tatu au nne, ili usiwapoteze bakteria wake wote kwa mpigo. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Vyote viwe sifuri. Kimoja kikipanda, badilisha robo hadi theluthi ya maji siku hiyo hiyo na upunguze chakula. Kumbuka amonia huwa kali zaidi pH na joto vinapokuwa juu, kwa hiyo kipimo kinachovumilika kwenye tangi moja kinaweza kudhuru kwenye jingine. Utando wa kahawia unaotokea kwenye mchanga na vioo wiki za mwanzo usikutishe, unafutika. Ila angalia sumaku ya kusafishia kioo isibebe chembe, itachora mistari ya kudumu.

Wanaofaidi zaidi ni wakaaji wa chini. Kambare wadogo wa Corydoras huzamisha pua mpaka usawa wa macho, huvuta mchanga mdomoni, na unauona ukitiririka nje kupitia kwenye matamvua huku wao wakibaki na chakula. Kwenye mawe hawawezi kabisa, na mawe yenye ncha pamoja na uchafu wake hula sharubu zao mpaka zikabaki vishina. Goldfish nao ni wachujaji, na changarawe ya ukubwa fulani huwakwama kooni.

Kusafisha kunakuwa rahisi, kwa kuwa uchafu haupenyi, unakaa juu. Shika mdomo wa mpira sentimita moja au mbili juu ya mchanga, uzungushe, taka itainuka yenyewe. Mara moja kwa wiki pitisha kidole au kijiti sehemu ambazo samaki hawachimbi, ili usishikane. Konokono wa Melanoides, wanaoishi wakiwa wamejifukia, hukufanyia kazi hii bure, ila wakipewa chakula kingi huzaana kupita kiasi.

Mimea inayokula kwa mizizi, kama Cryptocoryne na Echinodorus, haipati kitu kwenye mchanga mtupu. Ifukie vidonge vya mbolea karibu na mizizi na uvirudie kila baada ya miezi michache. Anubias ifunge kwenye gogo. Shina lake likizikwa, huoza.

Na kama tangi lako lina samaki wa juu na wa katikati tu, mimea imeshika mizizi, na vipimo vya maji viko sawa mwezi hadi mwezi, ziache changarawe zako. Nyonya uchafu fungu kwa fungu kama nilivyoeleza, na fedha ya mchanga nunua vifaa vizuri vya kupimia maji.