Wasomaji Wanauliza: Ukiitwa kwenye Usaili

SWALI: Nina stashahada ya kilimo. Nimeitwa usaili wa ukaguzi wa ubora kwenye ghala la kufungashia parachichi, Njombe. Mara mbili zilizopita niliyumba kwenye swali la kwanza tu: "Tueleze kuhusu wewe." Niseme nini? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Usianzie ulikozaliwa. Shule ya msingi na idadi ya ndugu zako jopo halina pa kuviweka. Tumia dakika moja na nusu: ulichosomea, kazi uliyowahi kuifanya kwa mikono yako inayofanana na hii, halafu kwa nini umeomba hapo. Sehemu ya katikati ndiyo yenye uzito, na ndiyo wengi wanayoiruka wakakimbilia "mimi ni mchapakazi, najituma". Kila aliyeketi kwenye benchi pale nje atasema hivyo hivyo.

Kama kwenye mafunzo kwa vitendo ulipima ukomavu wa parachichi, eleza ulivyopima: "Nilikuwa nakata nyama ya tunda vipande vyembamba, napima gramu 10, nakausha mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 2.1, ukavu ni asilimia 21, kiwango cha chini kinachotakiwa kwa parachichi aina ya Hass." Hapo mtaalamu wa jopo atainua kichwa na kukuuliza: tunda likichumwa kabla ya hapo? Jibu ni kwamba linasinyaa badala ya kuiva vizuri, na hasara inaonekana likishafika kwa mnunuzi, baada ya majuma kadhaa baharini.

Ila sema ulichofanya kweli. Kama mizani ilisomwa na msimamizi na wewe ulikuwa unaandika kwenye daftari, sema uliandika. Ukijipa kazi ya mwenzako, swali la tatu litakukuta mtupu. Usilolijua, kiri hulijui, kisha taja ungemuuliza nani au ungeangalia wapi. Na swali likija kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Ukikwama, omba ruhusa umalizie kwa Kiswahili. Kuomba ni bora kuliko kuchanganya kimya kimya.

Safiri siku moja kabla. Kutoka Tukuyu huna haja ya kuingia Mbeya mjini: shukia Uyole, panda basi la kupitia Makambako. Ukisema utaondoka alfajiri ya siku yenyewe, foleni ya malori barabara ya TANZAM haijui kama una usaili saa tatu.

SWALI: Suti ya mtumba inafaa? Na baridi ya Njombe mwezi wa saba nifanyeje? – Msomaji, Mwanjelwa

JIBU: Inafaa sana, mradi uangalie mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Kiuno fundi atabana, mikono atafupisha, lakini bega likining'inia kulirekebisha ni kulifumua koti zima, na mafundi wengi hawaliwezi. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono. Kata uzi wa msalaba ulioshikilia mpasuo wa nyuma, na toa lebo iliyoshonwa juu ya mkono. Vyote ni vya dukani.

Baridi ipigwe kwa ndani: fulana mbili au sweta jembamba chini ya koti. Jaketi zito livue nje kabla hujaitwa. Viatu vya usaili vibebe kwenye mfuko, uvae vingine njiani. Tope au vumbi jekundu la huku halifutiki kwa tishu.

Salamu: kwenye jopo la wazee, "shikamooni" haijawahi kumharibia mtu. Subiri uambiwe uketi.

SWALI: Nikiulizwa nataka mshahara kiasi gani, nitaje? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Taja, na useme wazi kama ni kabla ya makato. "Chochote mtakachonipa" inaonyesha hukufanya hesabu. Chukua shilingi 700,000. Mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ni 70,000. Kodi ya PAYE inakatwa kwenye 630,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 105,000. Mkononi unabaki na 483,000. Ukitaja 480,000 ukimaanisha ya mkononi, wao wataandika ndiyo ya kabla ya makato, na hapo umejipunja mwenyewe. Piga hesabu ya kodi ya chumba na nauli kwanza, kisha upande juu. Kama wewe hukuulizwa, usianze wewe.

SWALI: Jina langu la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Nimeitwa usaili wa serikali. – Msomaji, Kyela

JIBU: Majina yetu ya "Mwa-" yana historia ndefu na makarani. Sekretarieti ya Ajira hutaka vyeti halisi. Karatasi ya matokeo haikubaliki, na majina yakitofautiana unaweza kuzuiwa mlangoni kabla hujaulizwa swali hata moja. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo cha jina, ile wanayoiita didipoli, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Anza wiki hii, maana usajili hauishi siku moja, na siku ya usaili beba hati halisi pamoja na kitambulisho chako.