Koti la mtu uliyemuua

Wiki hii mmeuliza, je, vita inamkomaza kijana au inamharibu tu? Nimekaa na hilo swali siku tatu, kila nikianza kujibu naona najibu juu juu, mwisho nikaamua niwaletee vijana wa kikosi kimoja cha Wazulu kinaitwa iNgobamakhosi, wale waliopigana na Waingereza pale Isandlwana, Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879, maana nimewasoma miaka mingi na bado wananikaa rohoni.

Muelewe kwanza walikuwa nani. Enzi za mfalme Cetshwayo kijana wa Kizulu anaingizwa kikosini na rika lake, na hata awe na miaka ishirini na tano ndevu zimejaa, kama mfalme hajaliruhusu rika lake kuoa basi huyo bado mvulana tu, havai isicoco, ile pete inayoshonewa kwenye nywele za kichwani ambayo ndo alama ya mwanaume kamili. Utu uzima ulikuwa kitu cha kupewa, na ili uonekane unastahili ilibidi mkuki wako uongee. Kabla ya kwenda vitani mfalme anaita vikosi viwili uwanjani watambiane mbele yake, kijana anachomoka mbio kwenye mstari, anamtaja kwa jina mtu wa kikosi kile kingine, anamwambia utaona, mimi ndo nitakayemchoma Mzungu kabla yako, na wanawekeana dau pale pale. Yaani nawaona kabisa, ngao juu, jasho linawatiririka, wanaamini kwa moyo wote kwamba huko mbele kuna kitu kizuri kinawasubiri.

Na kwenye kikosi hicho kulikuwa na induna, yaani kiongozi wa askari, kijana anaitwa Mehlokazulu, mtoto wa chifu Sihayo. Huyu hakuwa malaika, lazima niseme. Julai 1878 yeye na wenzake walivuka mpaka kuingia Natal, koloni la Waingereza lililopakana nao, wakawakamata wake wawili wa baba yake waliokuwa wametoroka na wanaume, wakawarudisha upande wa Zulu wakawaua, na yeye aliamini anatetea heshima ya nyumba yao. Kwangu mimi ni unyama, siwezi kuupamba. Sir Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Afrika Kusini, aliyekuwa anaitafuta hiyo vita tangu mwanzo, akalidaka hilo tukio, na tarehe 11 Desemba 1878 Wazulu wakasomewa masharti, mkabidhi hao watoto wa Sihayo ndani ya siku 20, tena mvunje jeshi lenu na wanaume waoe wanapotaka. Yaani ile njia yenyewe ya kuwa mtu mzima ndo walitaka ifutwe! Mwezi mmoja baadaye Waingereza wakavuka mto wa mpakani kuingia nchi ya Wazulu.

Siku yenyewe ya Isandlwana iNgobamakhosi walikuwa pembe ya kushoto, kwa sababu Wazulu walipigana kwa umbo la nyati, kifua katikati na pembe mbili za kuzunguka. Wakakutana na watu wa Durnford, afisa wa jeshi la Waingereza, waliojificha kwenye korongo, risasi zikawashusha chini, na hapo ndo naona majigambo ya uwanjani yaliisha, unalala kifudifudi kwenye nyasi, mwenzako wa kushoto ananyanyuka na hafiki popote, unasubiri milio ipungue unakimbia hatua chache unalala tena. Walishinda. Upande wa Waingereza walikufa watu zaidi ya 1,300, na Wazulu wenyewe si chini ya elfu moja, na mchana ule ule jua lilipatwa, kukawa kama jioni watu wakiwa bado wanauana.

Sasa hapa ndo jibu langu lilipo. Kwa desturi yao aliyeua anamvua maiti nguo yake anaivaa yeye, na haruhusiwi kurudi nyumbani kama vile hakuna kilichotokea, wala kwenda mbele ya mfalme, mpaka aoshwe mtoni na apewe dawa. Fikiria huyo kijana. Alitoka kwao akiwa na manyoya na mikia ya ng'ombe mwilini, sasa amekaa peke yake na koti jekundu la mtu ambaye hata jina hamjui, labda lina tundu pale pale mkuki ulipoingia, labda bado bichi. Kama vita ilimkomaza, basi ni siku hizo za koti, pale alipochoma ilikuwa bado. Wazee wa Kizulu walijua mtu akiua hata kwa haki hayuko sawa, anahitaji kurudishwa taratibu kwa watu, na mimi naona walituzidi sana hapo, maana sehemu nyingi kijana akitoka vitani anapigiwa makofi halafu anaachwa.

Wengine hata koti halikuwafundisha. Tarehe 29 Machi walifika Kambula, kambi ya Waingereza. Mfalme alishawaonya wasivamie maadui waliojichimbia, lakini askari wachache wa farasi wa Waingereza walikuja kuwachokoza na iNgobamakhosi hao hao wakawafukuza mpaka kwenye midomo ya mizinga, peke yao, kabla wenzao hawajafika. Zilihesabiwa maiti karibu 800 pale karibu na kambi tu. Inaniuma sana hii.

Cetshwayo alikamatwa mwezi wa Agosti, nchi ikagawiwa machifu 13, na mfalme wa kuwaruhusu kuoa hakuwepo tena. Mehlokazulu naye aliishia mikononi mwa Waingereza, na walipomhoji mwezi wa Septemba hakujigamba kabisa. Alieleza jinsi wale askari walivyoishiwa risasi, wakahamia bastola, zikaisha nazo, wakasimama bega kwa bega, mgongo kwa mgongo, wakapigana na visu mpaka mwisho. Anawaongelea maadui waliouawa siku ile kama watu, na huyo ndo kijana aliyetoka kwenye kutambiana uwanjani miezi minane tu nyuma.

Miaka 27 baadaye, Juni 1906, alikuwa kwenye bonde la Mome pamoja na Bambatha, chifu aliyeongoza uasi dhidi ya serikali ya Natal, wamezungukwa na mizinga. Ameshavuka miaka hamsini, anajua vizuri bunduki zinafanya nini, na bado alikwenda, na hakutoka.