Wanausifia mkate, fidla hakuna anayeitaja

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Ng'ambo, Unguja. Huu mwaka wa tatu napiga fidla katika kikundi cha taarabu. Napenda sana kuoka pia. Kila siku ya mazoezi huwapelekea wenzangu mkate wa kumimina, na huugombea hasa. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akiniambia, "Leo fidla yako ilikuwa tamu." Wiki mbili nyuma niliungua kidole cha mkono wa kushoto nikiepua mkate. Nikapiga simu kusema siji. Nilichoulizwa ni, "Sasa mkate ataleta nani?" Nililia. Mchumba wangu naye anasema niachane na fidla niuze mikate, ndiko kwenye pesa. Nifanyeje?*
*Mpiga Fidla, Ng'ambo*

Marahaba mwanangu, na pole ya kidole. Hukuniambia ulikipaka nini, lakini nazijua nyumba zetu: dawa ya meno. Siku nyingine ukiungua kiweke chini ya maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na dawa ya meno ibaki kuwa ya meno. Makaa nayo yaondoe kwa mkono wa kulia. Ncha za vidole vya kushoto umezitafutia sugu kwa miaka mitatu, usizitoe kafara kwa mfuniko wa sufuria.

Lile swali la "ataleta nani" nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza lilinikera. Mara ya tatu nikacheka, unisamehe, maana mkate wa kumimina naujua. Mchele uuloweke usiku, uusage na tui zito, utie hamira na iliki, kisha ukae uusubiri uumuke. Hapo hakuna ujanja. Ukiuwahi unatoka umeshikana kama sabuni, ukiuchelewa umechacha. Halafu kuna ute wa yai, na kupalia moto juu uive bila kuungua chini. Anayefika mazoezini saa kumi na mkate wa namna hiyo, siku yake nzima imekwenda huko. Sasa niambie, siku hiyo fidla uliishika saa ngapi?

Barua yako nimeifupisha, lakini wewe unajua ulichoandika. Mkate umenieleza mpaka idadi ya punje za iliki. Kuhusu fidla umesema "napiga", basi. Hukunitajia maqamu (ngazi ya sauti za wimbo) unayoipenda, iwe bayati au hijazi, wala wimbo unaokutoa jasho. Nadhani, na huenda nakukosea, huo mkate umeufanya ngao. Nani atamwambia mtu aliyeleta sinia kwamba leo alikuwa chini ya sauti? Kinywa kimejaa.

Lingine ni la fidla yenyewe. Katika taarabu yetu fidla nne au tano hupiga njia moja, na zikienda vizuri hakuna anayejua ipi ya nani. Mara nyingi ikisikika ya mtu mmoja peke yake, ujue imekwenda kombo. Kwa hiyo kimya cha wenzako si lazima kiwe dharau. Mahali pa fidla kusikika peke yake ni kwenye taksimu, pale mpigaji mmoja anapopiga peke yake kwa kubuni papo hapo. Umewahi kuiomba?

Fanya hivi. Mazoezi manne nenda mikono mitupu. Watanung'unika, waache. Ndani ya siku hizo mfuate mkubwa wenu wa fidla, umwambie, "Mwalimu, nisikilize taksimu ya bayati, unionyeshe ninapokosea." Usimuulize kama unapiga vizuri. Ukimuuliza hivyo atakujibu kwa adabu, na adabu unayo ya kutosha.

Tena, umenigusia kwamba fidla inakaa juu ya kabati la jikoni. Iondoe leo hii! Mbao zake zimeshikwa kwa gundi inayolegea kwa joto na mvuke, na mafundi wakitaka kuifungua fidla mara nyingine hutumia hivyo hivyo. Unataka ifunguke kwa ajili ya chungu cha tui? Na mikono ioshe kwa sabuni kabla ya kugusa upinde. Nywele za farasi zikiingia mafuta ya nazi zinateleza juu ya nyuzi, hata uzipake rosini, ule utomvu mkavu wa upinde, vipi.

Mchumba hakunisumbua sana. Hesabu yake ya pesa inaweza kuwa sahihi, maana sijamwona aliyejenga ghorofa kwa fidla ya harusini. Lakini mkate wa kuuza si ule wa kupenda. Subiri oda za Ramadhani zikufikie arubaini kwa siku moja, uone kama utatamani tena kunusa iliki. Muulize taratibu kama shida yake kweli ni pesa, au ni wewe kukaa jukwaani usiku. Kama ni jukwaa, mwambie Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu, kipo hapa hapa Unguja tangu 2009. Kisha mkaribishe akae mbele asikilize.

Mkate utaurudisha baada ya hayo mazoezi manne, lakini ufunuliwe wimbo wa mwisho ukishamalizika. Halafu uniandikie tena. Barua hiyo iwe ya fidla tupu, iliki nisiione hata punje.