Sabuni ya nyumbani: mizani kwanza, manukato baadaye

Wiki hii maswali mengi ni ya sabuni ya kipande. Nimechagua haya.

Shikamoo shangazi. Mtaji wangu ni mdogo sana. Ninunue nini kwanza? (Mbagala)

Marahaba mwanangu. Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja. Vingine vyote vina mbadala: ndoo ya plastiki nene, mwiko wa mbao, na boksi tupu la juisi linatosha kuwa kalibu. Mizani haina mbadala, maana kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Gramu 100 za mafuta ya nazi zinataka kama gramu 18 za kostiki soda, mawese 14, alizeti 13 na nusu. Ukikadiria kwa kikombe, utapata sabuni inayochubua mikono au inayobaki mafuta tupu.

Kingine kinachowaponza wengi: lita si kilo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Ukiitilia kostiki iliyopimwa kwa kilo nzima ya mafuta, umeshazidisha.

Kipimo cha kuanzia: mawese gramu 700, nazi gramu 300, kostiki gramu 146, maji gramu 300. Kostiki hiyo nimeipunguza kama asilimia 5 makusudi, mafuta kidogo yabaki yasikaushe ngozi. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, fanyia kazi nje. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka na kukurukia. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa, siki usipake. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo kisha nenda hospitali.

Maji yenye kostiki yatapata moto yenyewe bila jiko. Yaache yapoe hadi vuguvugu, yatie kwenye mafuta yaliyo vuguvugu pia, koroga. Ukiinua mwiko na tone likaacha mchirizi unaokaa juu kabla ya kuzama, mimina kwenye boksi. Kesho au keshokutwa toa, kata vipande, vipange penye hewa wiki 4 hadi 6. Najua wateja wanasubiri. Nao wasubiri.

Kwa bei nafuu, acha chupa za rejareja: tafuta wenzako mnunue dumu la lita 20 la mawese mgawane. Mafuta ya nazi chukua ya kupikia. Yale ya nywele kwenye kichupa chenye harufu ni hela ya bure. Kostiki utaipata kwenye maduka ya malighafi za sabuni, Kariakoo yapo. Kagua mfuko: iliyogandana imeshanyonya unyevu na nguvu imepungua.

Nilikorogea kostiki kwenye sufuria, ikatoa mapovu na maji yakawa meusi. Nimeuziwa feki? (Morogoro)

Kostiki yako ni nzima, tatizo ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki nene, na mchanganyiko ule usiutengenezee sabuni.

Magadi yanaweza kushika nafasi ya kostiki? (Singida)

Hapana. Ni hafifu mno kwa kazi hii. Yakichanganywa na chokaa kwenye maji hutoa kostiki kweli, ila jikoni huna namna ya kujua nguvu yake, na tumeshasema hatukadirii.

Jirani ana banda la chipsi na mafuta anayamwaga. Yanafaa? (Mwanza)

Yanafaa sana kwa sabuni ya kufulia. Mwambie asimwage tena! Yachuje kwa kitambaa, yachemshe na maji yenye chumvi, yaache yapoe. Uchafu utazama na maji, nawe utaengua mafuta juu. Kama hujui ni ya alizeti au mawese, tia gramu 128 za kostiki kwa kilo. Harufu ya chipsi inaweza kubaki kidogo, nguo haitajali.

Majirani wameanza kununua. Nahitaji kibali? (Tanga)

Ukitaka kuingia madukani, ndiyo. Tangu 2019 vipodozi navyo viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Anzia ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wako, wanatoa mafunzo na watakuelekeza.

Nikitia mafuta ya karafuu sabuni inaganda kabla sijamimina. (Unguja)

Karafuu ndivyo ilivyo, inaharakisha. Itie mwisho kabisa, boksi likiwa tayari pembeni, na isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya mafuta. Ikizidi inawasha ngozi.