Maswali na Majibu: Wewe na Mshauri Wako

Swali: Tangu nifiwe na mume wangu ninakwenda kwa mshauri nasaha. Ananisikiliza tu, haniambii nifanye nini. Je, hiyo ni tiba? (Mama, Morogoro)

Jibu: Pole sana kwa msiba, mama. Ndiyo, ni tiba. Mwaka 1957, mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliandika kwamba mteja hubadilika anapokutana na mtu anayejitahidi kumwelewa, anayemthamini bila masharti na asiyejificha nyuma ya cheo. Tangu matanga umeambiwa ujikaze kwa ajili ya watoto, na waliokuambia wanakupenda, lakini huenda hakuna aliyekuuliza usiku unaupitishaje katika kitanda mlichozoea kulala wawili. Mshauri anayeuliza hivyo, kisha akasubiri hadi maneno yakutoke, yumo kazini. Hata hivyo, una haki ya kumwuliza mnaelekea wapi, kwa kuwa lengo la vikao ni lenu nyote wawili.

Swali: Mshauri alisema neno kuhusu baba yangu likaniuma, nikaacha kwenda. Nitafute mwingine? (Kijana, Mombasa)

Jibu: Kwanza rudi umwambie hivyo hivyo: "Ulichosema kuhusu baba kiliniumiza." Kisha tazama anavyokupokea. Akikugeuzia lawama, tafuta mwingine bila kujuta. Lakini akikuomba radhi na kutaka kujua ni neno gani lililokuchoma na lilikukumbusha nini, kaa naye, maana hapo ndipo penye kiini cha tiba yenyewe. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mdogo akimkasirikia mkubwa hunyamaza au huondoka, na mwenendo huo tumeuingiza katika ndoa na kazi zetu. Kumkasirikia mtu, ukamwambia, na bado mkaendelea kuheshimiana, ni jambo ambalo mtu hulijua kwa kulipitia. Kwa mawaidha peke yake halishiki.

Swali: Nilimwalika mshauri wangu harusini, akakataa. Hanipendi? (Bibi harusi, Nakuru)

Jibu: Hongera, dada. Amekulinda. Wageni wangeuliza mmejuana wapi, naye angekaa karibu na watu uliomweleza habari zao kwa siri. Mpelekee picha kwenye kikao kijacho.

Swali: Kwetu hakuna mshauri aliyesomea. Je, bibi mwenye huruma anatosha? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Anaweza kusaidia sana akifundishwa. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kushirikiana na kina bibi wanaozungumza na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wagonjwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina bibi hao, hata hivyo, walipewa mafunzo na wana wasimamizi. Mtu anayetaka kujiua, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.