Kabla hamjadondosha chombo, pigeni hesabu ya kamba

Wadogo zangu mlioingia karakana mwaka huu hapa Mbeya mkachagua mradi wa kutua mwezini, kompyuta itawasubiri. Anzeni na kamba.

Mvutano wa mwezi ni kama moja ya sita ya huu wetu. Basi kila kundi jipya, likitaka chombo chake cha majaribio kishuke kama kule, hukimbilia kapi: chombo upande huu, upande wa pili jiwe lenye sehemu tano kati ya sita za uzito wake. Ukikokotoa unakuta mambo mengine. Chombo cha kilo 12 na jiwe la kilo 10: tofauti ni kilo 2, nazo zinaburuza kilo zote 22. Hiyo ni moja ya kumi na moja ya mvutano wetu, si moja ya sita. Kupata moja ya sita, chombo cha kilo 7 kifungieni jiwe la kilo 5.

Hata hivyo kapi litawaangusha pale penyewe mnapopataka. Miguu ikigusa chini chombo kinasimama, jiwe bado linapanda, kamba inalegea, na chombo kinakaa kwa uzito wote wa duniani. Mimi nashauri vipande vya tyubu za baiskeli, virefu, vifungwe juu kwenye kenchi, mvuto wake usibadilike sana sentimita za mwisho. Weka mzani chini: kilo 7 isomeke kama 1.2. NASA, shirika la anga la Marekani, kwenye kituo chao cha Langley, mwaka 1965, walijenga mnara wa zaidi ya mita 70 kwa kazi hii hii ya kubeba tano ya sita ya uzito wa chombo kwa nyaya. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alifanya mazoezi pale.

Jaribuni pia kukirusha kwa upande. Uzito umepungua, lakini msukumo wa kilo zile haujapungua hata kidogo, ndiyo maana vyombo hupinduka. Odysseus, chombo cha Wamarekani cha Februari 2024, ilitua mwezini ikiwa bado inakwenda upande, ikaishia kuinama.

Mchanga wa kuiga ardhi ya mwezi? Majivu ya volkano ya Rungwe yanafaa, ila yakaangeni kwanza kwenye bati mpaka yakauke kabisa. Mvua za Tukuyu hazichezi, na majivu yenye unyevu hushikana, mguu ukaonekana umesimama imara kumbe ni maji. Wahindi kwa Chandrayaan, mradi wao wa mwezini, walisaga mawe ya Tamil Nadu yanayofanana na ya nyanda za juu za mwezi.

Mwisho sensa ya kimo, yaani kifaa kinachopima chombo kiko juu kiasi gani. Hakuto-R, chombo cha Wajapani, Aprili 2023 kikishuka mwezini kilipita ukingo wa kreta (shimo kubwa), kimo kikaruka ghafla, programu ikadhani sensa imeharibika na kuipuuza; mafuta yakaisha chombo kikiwa bado kilomita 5 juu. Kwa hiyo pitisheni sensa yenu juu ya ukingo wa meza, mara nyingi, kabla hamjaniita kuangalia.